Kuunganisha Mikono Miwili kwenye Kinanda: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza Ukubwani

Wengi wanaoanza kujifunza kinanda wakiwa na miaka 40, 50 au 60 na ushei hukwama mahali pamoja. Mkono wa kulia unapiga sauti ya wimbo vizuri, mkono wa kushoto nao unapiga kodi zake (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) vizuri, lakini mikono ikiwekwa pamoja kila kitu kinavurugika: wa kushoto unaanza kuufuata wa kulia, mapigo yanapotea, na mabega yanapanda hadi karibu na masikio. Baada ya kurudia jaribio hilohilo kwa wiki kadhaa, mtu anaamua kwamba umri umeshampita na kinanda kinarudishwa kwenye boksi.

Umri una sehemu ndogo sana katika tatizo hili. Mtu mzima amesikiliza muziki kwa miongo kadhaa, kwa hiyo sikio lake linajua wimbo unavyotakiwa kwenda, na linavisukuma vidole vikimbie kwa mwendo ambao bado havijaumudu. Zaidi ya hapo, akili haiwezi kusimamia mambo mawili mageni kwa wakati mmoja. Ni lazima mkono mmoja uwe umezoea kazi yake kiasi cha kujiendea wenyewe, ndipo umakini upatikane kwa ajili ya mkono wa pili. Hatua zote zilizo hapa chini zimejengwa juu ya jambo hilo moja, na ndiyo sababu zinaonekana kwenda polepole kuliko unavyopenda.

## Vifaa unavyohitaji kabla ya kuanza

Kinanda chenye vibonye vya ukubwa kamili. Vibonye 61 vinatosha kwa kazi yote iliyomo humu, ingawa kinanda cha vibonye 88 kitakufaa kwa muda mrefu zaidi. Chukua rula upime vibonye 7 vyeupe vilivyofuatana: vikifika takriban sentimita 16.5, ukubwa ni kamili. Vikiwa vifupi zaidi ya hapo, vidole vyako vitajifunza umbali ambao havitaukuta kwenye kinanda kingine chochote. Hakikisha pia kwamba sauti inaongezeka unapobonyeza kwa nguvu na inapungua unapobonyeza taratibu, kwa sababu bila hilo hutaweza kusikia kama mkono mmoja unaufunika mwingine.

Kiti kisicho na mikono. Kochi halifai, na kiti chenye mahali pa kuegemeza mikono kinazuia viwiko.

Metronomu. Ni kifaa kinachogonga mapigo kwa mwendo usiobadilika; programu ya simu inatosha. Vinanda vingi vya umeme vina metronomu ndani yake.

Miwani inayofaa umbali wa stendi. Jambo hili husahaulika sana. Miwani ya kusomea hutengenezwa kwa umbali wa karibu sentimita 40, ilhali karatasi iliyo kwenye stendi ya kinanda huwa mbali zaidi, mara nyingi sentimita 60 hadi 70 kutoka machoni. Miwani yenye sehemu mbili za kuonea nayo humlazimisha mtu kuinua kidevu ili asome kupitia sehemu ya chini, na baada ya nusu saa shingo inauma. Pima umbali kutoka machoni hadi kwenye stendi ukiwa umekaa, kisha mpelekee mtaalamu wa macho kipimo hicho.

Penseli, daftari na simu yenye uwezo wa kurekodi sauti.

Vitu viwili vya kuzima kwa sasa ni mdundo wa kinanda unaojipiga wenyewe na kitufe cha kuhamisha sauti kwenda ufunguo mwingine. Mdundo huo unapendeza na unamfanya anayeanza ajisikie yuko na bendi nzima, lakini unaficha kosa tunalolitafuta, kwa kuwa unaendelea vizuri hata pale mkono wa kushoto unapochelewa. Pedali nayo iache kando, maana inaburuta sauti na kufunika mapengo.

## Zoezi tutakalolitumia

Nimetunga kipande kifupi cha vipimo vinne, kila kimoja chenye mapigo manne, ili tuzungumzie kitu kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Inakili kwenye daftari kwa herufi kubwa. Anayetoka kwenye kwaya na kuzoea do, re, mi atambue kwamba hapa do ni C, re ni D, mi ni E, na kuendelea.

Vidole vinahesabiwa kuanzia gumba: gumba ni 1, cha shahada ni 2, cha kati ni 3, cha pete ni 4 na kidogo ni 5, kwa mikono yote miwili.

- Kipimo cha 1. Kulia: E, D, C, E (vidole 3, 2, 1, 3), kila noti pigo moja. Kushoto: kodi ya C, yaani C, E na G kwa pamoja (vidole 5, 3, 1).
- Kipimo cha 2. Kulia: F, E, kisha F inayoshikiliwa mapigo mawili (vidole 4, 3, 4). Kushoto: kodi ya F, yaani C, F na A (vidole 5, 2, 1).
- Kipimo cha 3. Kulia: D, E, F, D (vidole 2, 3, 4, 2). Kushoto: kodi ya G ya saba iliyofupishwa, yaani B, F na G (vidole 5, 2, 1).
- Kipimo cha 4. Kulia: C inayoshikiliwa mapigo manne (kidole 1). Kushoto: kodi ya C tena.

Mkono wa kulia unaanzia kwenye C ya katikati ya kinanda na hauhami: kila kidole kina kibonye chake kuanzia C hadi G. Mkono wa kushoto unaanzia kwenye C iliyo oktavu moja chini, yaani C inayofuata upande wa kushoto.

## Hatua ya 1: Kaa vizuri na uifahamu ramani ya vibonye

Rekebisha kiti hadi viwiko viwe sawa na vibonye au juu kidogo. Kaa nusu ya mbele ya kiti, miguu yote miwili ikiwa sakafuni. Ukikaa chini sana, kifundo cha mkono kinapinda na mishipa inavutika kila unapobonyeza, na kwa mtu aliyevuka miaka 50 mvutano huo hugeuka maumivu mapema.

Kata kucha ziwe fupi. Kunja vidole kidogo ili vibonye viguswe na ncha za vidole. Gumba peke yake ndilo linalogusa kwa ubavu.

Vibonye vyeusi vimepangwa kwa makundi ya viwili na vitatu. Kibonye cheupe kilicho kushoto tu mwa kundi la viwili ni C, na kilicho kushoto tu mwa kundi la vitatu ni F. Fumba macho, papasa makundi hayo, kisha utafute C na F kwa kugusa.

*Utajua umefaulu* utakapoweza kuweka mikono yote miwili mahali pake bila kuhesabu vibonye kutoka mwanzo.

## Hatua ya 2: Ivunje tabia ya mikono kuigana

Mikono ya binadamu hupenda kufanya jambo moja kwa mfano wa kioo: gumba kwa gumba, kidogo kwa kidogo. Ndiyo maana wa kushoto huufuata wa kulia usipotazamwa. Tuanze kwa kuikubali tabia hiyo, kisha tuivunje.

Weka gumba la kulia kwenye C ya kati na gumba la kushoto kwenye C ya chini yake. Piga mikono yote miwili ikitawanyika: kulia C, D, E, F, G na kushoto C, B, A, G, F, vidole 1, 2, 3, 4, 5 kila upande. Kisha rudi. Zoezi hili ni rahisi kwa sababu vidole vinavyofanana vinafanya kazi pamoja.

Sasa hamisha mkono wa kushoto ili kidole 5 kiwe kwenye C ya chini na gumba liwe kwenye G, kisha piga C, D, E, F, G kwa mikono yote miwili kwa wakati mmoja. Kulia ni 1, 2, 3, 4, 5. Kushoto ni 5, 4, 3, 2, 1. Hapo ndipo vidole vinaanza kugombana, na ugomvi huo ndio kazi yenyewe. Punguza mwendo hadi uwe na sekunde mbili kwa kila noti.

Fanya mazoezi haya mawili kwa dakika 3 mwanzoni mwa kila siku ya mazoezi. Hayahitaji zaidi ya hapo.

*Utajua umefaulu* utakaposikia noti za mikono miwili zikitua kama sauti moja, na si "ta-ta" ya haraka.

## Hatua ya 3: Mkono wa kulia peke yake, mpaka uweze kuongea

Piga sauti ya wimbo, vipimo vyote vinne, metronomu ikiwa kwenye mapigo 50 kwa dakika. Hesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Kuhesabu kimoyomoyo hakutoshi, kwa sababu akili husimamisha hesabu pale vidole vinapokwama na wewe hutambui. Mdomo ukinyamaza utasikia.

Noti zikishatulia, acha kuhesabu na utaje siku za wiki kwa sauti huku ukiendelea kupiga: Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Vidole vikisita, mkono bado unahitaji ulinzi wa akili yako, na hauko tayari kuunganishwa na mwenzake.

Huu ndio mtihani ambao wengi hawaufanyi. Wanaona mkono umepiga sawasawa mara mbili, wanasonga mbele, kisha wanashangaa unapoharibika mara tu wa kushoto unapoingia. Mkono ule ulikuwa ukipiga sawasawa kwa sababu ulikuwa umepewa akili yote.

*Utajua umefaulu* utakapotaja siku zote saba mara mbili bila mwendo kuyumba.

## Hatua ya 4: Mkono wa kushoto peke yake, kwa muda mrefu kuliko wa kulia

Kwa wanaotumia mkono wa kulia maishani, wa kushoto ni mvivu na unastahili muda zaidi. Wape wanafunzi hawa wawili dakika zisizo sawa: 5 kwa kulia, 10 kwa kushoto.

Usizione kodi tatu kama maumbo matatu tofauti yasiyohusiana. Tazama kinachobaki na kinachohama.

Kutoka C kwenda F, kidole 5 hakitoki kwenye C. Gumba linasogea kibonye kimoja kulia, kutoka G hadi A. Kidole 3 kinainuka kutoka E, na kidole 2 kinatua kwenye F.

Kutoka F kwenda G ya saba, kidole 2 kinabaki kwenye F. Gumba linarudi kutoka A hadi G, na kidole 5 kinashuka kutoka C hadi B.

Kutoka G ya saba kurudi C, gumba linabaki kwenye G. Kidole 5 kinapanda kutoka B hadi C, na kidole 3 kinachukua E wakati kidole 2 kinainuka.

Kila badiliko, basi, lina kidole kimoja kinachobaki mahali pake. Kitumie kidole hicho kama nguzo: kiache kiguse kibonye, na uhamishe vingine viwili vikiizunguka. Fanya badiliko moja tu, kwenda na kurudi, kwa dakika 2 nzima kabla ya kugusa linalofuata. Angalia mkono mara chache za mwanzo, halafu tazama ukuta.

Tahadhari. Kama kiungo cha chini ya gumba kinauma au mkono hautanuki vizuri, ondoa noti ya katikati katika kila kodi. Utabaki na C na G, kisha C na A, kisha B na G. Kipande kitasikika vizuri, na utaongeza noti ya tatu mkono ukiruhusu. Hakuna sababu ya kuumiza kiungo kwa ajili ya noti moja.

*Utajua umefaulu* utakapopiga kodi nne kwa mfuatano, kila moja mapigo manne, huku ukitaja siku za wiki na bila kutazama mkono.

## Hatua ya 5: Piga mezani kabla ya kupiga kinanda

Ondoka kwenye kinanda. Weka viganja juu ya meza. Mkono wa kulia upige kila pigo: moja, mbili, tatu, nne. Wa kushoto upige kwenye "moja" tu na ubaki umetulia mezani hadi "moja" nyingine. Hesabu kwa sauti.

Sababu ya kufanya hivi ni kutenganisha matatizo mawili. Kuunganisha mikono kunadai mpangilio wa mapigo pamoja na uchaguzi wa vibonye. Mezani unashughulika na mapigo peke yake.

Ukishatulia, fuata mapigo halisi ya zoezi. Kwenye kipimo cha 2 mkono wa kulia unapiga "moja", "mbili" na "tatu", kisha unatulia kwenye "nne". Kwenye kipimo cha 4 unapiga "moja" tu. Wengi hukosea hapo hata mezani, kwa kuendeleza mapigo kwa mazoea. Vizuri ukikosea mezani, kwa sababu kosa hilo lilikuwa likikusubiri kwenye kinanda.

## Hatua ya 6: Unganisha kwenye sehemu za kukutana

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na pasomwe mara mbili.

Rudi kwenye daftari lako na uchore mstari wima kila mahali ambapo mikono miwili inapiga kwa wakati mmoja. Utapata mistari minne tu: E pamoja na kodi ya C, F pamoja na kodi ya F, D pamoja na kodi ya G ya saba, na C pamoja na kodi ya C. Noti nyingine zote ni za mkono wa kulia peke yake. Kipande kilichoonekana kigumu kina sehemu nne za kukutana, basi.

Kwanza, piga sehemu za kukutana peke yake. Zima metronomu. Piga E na kodi ya C kwa pamoja, shikilia, sikiliza. Je, umesikia sauti moja au umesikia kodi ikifuatwa na E? Rudia mpaka iwe moja. Kisha hamia sehemu ya pili bila haraka yoyote, ukiwa na muda wote wa kuandaa vidole. Pitia sehemu zote nne namna hiyo.

Pili, jaza kipimo kimoja. Washa metronomu kwenye mapigo 50. Piga kipimo cha 1 kwa mikono miwili, kisha usimame. Wa kushoto unashikilia kodi yake, wa kulia unamalizia noti zake. Kwa watu wengi sehemu hii si ngumu, maana baada ya pigo la kwanza mkono wa kushoto hauna kazi.

Tatu, vuka mpaka. Ugumu wote uko kwenye mpaka kati ya kipimo na kipimo. Pale wa kulia unapopiga pigo la nne la kipimo cha 1, wa kushoto unatakiwa uwe tayari unaelekea kwenye kodi ya F. Mtu akisubiri hadi "moja" ifike ndipo ahamishe vidole, atachelewa kila mara, na kwa kuwa amechelewa atausimamisha mkono wa kulia umsubiri mwenzake.

Fanya hivi. Piga mapigo matatu tu: pigo la tatu na la nne la kipimo cha 1 (C, E), na pigo la kwanza la kipimo cha 2 (F pamoja na kodi yake). Mdomo wako unaposema "nne", mkono wa kushoto unaachia kodi ya C, gumba linasogea juu ya A na kidole 2 juu ya F, vyote vikigusa vibonye bila kubonyeza. Mdomo unaposema "moja", kazi iliyobaki ni kubonyeza. Pengo dogo la sauti ya kushoto kwenye "nne" linaruhusiwa kabisa kwa sasa; litajiziba lenyewe mkono utakapozoea.

Rudia mapigo hayo matatu hadi yawe laini, halafu nenda kwenye mpaka wa pili na wa tatu. Mpaka wa pili ni mwepesi, kwa kuwa mkono wa kulia unashikilia F kwa mapigo mawili na kukuachia nafasi. Mpaka wa tatu ni mgumu kama wa kwanza, kwa hiyo upe muda sawa.

Nne, unganisha. Piga kipimo cha 1 pamoja na noti ya kwanza ya kipimo cha 2. Kisha kipimo cha 2 pamoja na noti ya kwanza ya kipimo cha 3. Usiishie kamwe mwishoni mwa kipimo. Vuka hadi noti moja ya kinachofuata. Anayefanya mazoezi kwa kuishia kwenye mstari anaufundisha mkono kusimama kwenye mstari, na utakuwa ukisimama hapo daima.

*Utajua umefaulu* utakapopiga vipimo vyote vinne mara 3 mfululizo kwenye mapigo 50 bila kusimama na bila mabega kupanda. Rekodi kwa simu na usikilize baadaye, kwa sababu wakati wa kupiga masikio huwa yanasamehe mambo mengi.

## Hatua ya 7: Tenganisha kufanya mazoezi na kupiga

Tabia mbaya kuliko zote ninazoziona ni kurudi mwanzo kila kosa linapotokea. Matokeo yake ni kwamba kipimo cha 1 kinapigwa mara 30 kwa siku na kipimo cha 4 mara 5, huku mahali palipokosewa hapaguswi.

Unapofanya *mazoezi*, simama kwenye kosa, chukua mapigo mawili yaliyo kabla yake na moja baada yake, yatengeneze, kisha usonge. Unapo*piga*, usisimame kwa lolote. Noti ikipotea, iache, na uingie kwenye sehemu ya kukutana inayofuata. Amua kabla ya kuweka vidole kwenye vibonye ni kipi kati ya hivi viwili unachofanya. Dakika 5 za mwisho za kila siku ziwe za kupiga.

## Hatua ya 8: Ongeza mwendo, kisha kazi ya mkono wa kushoto

Ongeza mapigo 4 kwa dakika kila unapopata mara 3 safi mfululizo: 50, 54, 58, hadi karibu na 80. Ukikosea mara mbili kwenye mwendo mpya, rudi ngazi moja na uishie hapo kwa siku hiyo. Kulazimisha mwendo ni kulifanyia mazoezi kosa lenyewe.

Ukifika karibu na 80, rudi 50 na ubadilishe kazi ya mkono wa kushoto kwa mpangilio huu:

1. Kodi ipigwe kwenye pigo la kwanza na la tatu.
2. Kodi ivunjwe noti moja moja, kila noti pigo moja. Kodi ya C iwe C, G, E, G (vidole 5, 1, 3, 1). Kodi ya F iwe C, A, F, A (5, 1, 2, 1). Kodi ya G ya saba iwe B, G, F, G (5, 1, 2, 1).

Kila mpangilio mpya upitie tena hatua ya 4 hadi ya 6. Safari hii zitakwenda haraka. Katika mpangilio wa pili, chunga sana kipimo cha 2 na cha 4, kwa sababu hapo mkono wa kulia unashikilia noti huku wa kushoto ukiendelea kutembea. Gumba la kulia litataka kuinuka kila gumba la kushoto linapopiga. Likiinuka, punguza mwendo hadi libaki chini.

## Ratiba, mwili na masikio

Dakika 20 kila siku zinazidi saa mbili za Jumamosi. Vidole hujifunza pia wakati wa kulala, na usingizi wa usiku mmoja kati ya mazoezi mawili hufanya kazi ambayo kurudia tu hakuifanyi. Wengi watagundua kwamba mpaka uliowasumbua jioni umelainika asubuhi. Ukiweza, gawa dakika hizo mara mbili, 10 na 10.

Uchovu wa misuli ya mkono baada ya siku za mwanzo ni wa kawaida. Ganzi au kuchomachoma kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati si kawaida, hasa kukikuamsha usiku. Huenda mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo. Acha kupiga na umwone daktari. Viungo vinavyovimba au kukakamaa asubuhi kwa muda mrefu navyo vinahitaji daktari kabla ya kuendelea, na mwenye viungo vya namna hiyo aoshe mikono kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kuanza.

Anayetumia hedifoni aweke sauti kiasi kwamba angesikia mtu akimwita chumbani, ingawa hedifoni zinazoziba masikio kabisa zitahitaji uangalifu zaidi. Anayevaa kifaa cha kusaidia kusikia ajue kwamba vifaa hivyo hurekebishwa kwanza kwa ajili ya mazungumzo, na vinaweza kuzipotosha sauti za kinanda zikasikika zinatetemeka au zina mikwaruzo. Kabla ya kulilaumu sikio au kinanda, mwombe mtaalamu wa masikio akuwekee mpangilio wa muziki, ambao vifaa vingi vya kisasa vinao.

## Hatua ya 9: Chagua wimbo wako wa kwanza

Tafuta wimbo unaoujua kwa moyo, wenye kodi tatu au nne na sauti isiyovuka noti tano au sita. Uandike kwenye daftari kwa vipimo, chora mistari ya sehemu za kukutana, kisha uhesabu mipaka ambayo kodi inabadilika huku mkono wa kulia ukiwa na kazi. Mipaka hiyo ndiyo utakayoanza nayo siku ya kwanza, kabla ya mwanzo wa wimbo. Ikizidi sita, weka wimbo huo kando kwa miezi michache na uchague mwingine.